Dari la Bisi

Mjukuu wangu alitoka na kisahani mkononi, akainua pazia la mlangoni kwa kichwa, akasema, "Babu, karibu mkate wa mofa."

Huyo babu ni mzee aliyefanya kazi na marehemu mume wangu hotelini miaka mingi. Alikuja kuniletea sanduku la vyombo vya kazi vya marehemu lililokuwa limebaki huko. Yeye alikuwa barazani, mimi niko ndani, pazia kati yetu, kwa kuwa nilikuwa nakaa eda na yeye si maharimu wangu. Tulikuwa tukizungumza vizuri tu. Pazia lilipoinuka akaona kilichokuwa nyuma yangu: sebule nzima nyeupe, sakafu, viti, ngazi, na mimi mwenyewe na leso niliyojitanda, weupe kama tumeangukiwa na gunia la unga. Kisha akatazama kile kisahani.

Alikipiga kofi. Kisahani kikaruka kikavunjikia kwenye kidato cha baraza. Mtoto akabaki mkono uko hewani, hajui amekosa nini.

"Amekula?" Yule mzee alikuwa anarudi nyuma, ameshika ukosi wa kanzu ameuvuta mpaka puani. "Shemeji, mtoto amekula kitu hiki?"

Nikamvuta mjukuu wangu ndani, nikamwambia atoe ulimi. Akautoa. Ulikuwa mweupe katikati.

"Nimeonja tu, bibi," akasema. "Chumvi haikukolea."

Nikakaa chini ndani ya lile vumbi, na nilipokaa likapanda tena juu.

Sikusoma sana, niliachia darasa la tano. Lakini hili nitaliandika lote, na waliolifanya nitawataja kwa kazi zao, wenyewe watajijua.

Nyumba yetu iko Mishomoroni, sebule na vyumba viwili, bati juu. Miaka ya mwanzo tulilala tukitazama bati, na msimu wa joto lile bati linatoa mlio mchana kutwa, utadhani kuna mtu anatembea juu. Mume wangu alikuwa fundi wa hoteli moja kule Shanzu. Taa, feni, mabomba, kitasa kilichokwama, yote yeye. Vyumba vya hoteli ile vilikuwa na dari la vipele, vilivyorushwa kwa mashine zamani sana hoteli ilipojengwa. Kila feni mpya alitoboa dari, kila taa mpya alitoboa dari, na akirudi jioni kichwa chake cheupe. Nilimsimamisha mlangoni nikamkung'uta kwa leso.

"Leo umezeeka?" namwuliza.

"Si wewe uliyenizeesha," ananijibu, tunacheka.

Miaka yote ile nilimkung'uta kwa mikono yangu, na nguo zake nikazifua kwa mikono yangu, na nilikuwa navuta pumzi. Sasa nazihesabu zile pumzi.

Mwaka walipobomoa jengo la kwanza la vyumba vya wageni, msimamizi wa matengenezo aliwaita mafundi wake akawaambia, "Mbao hizi za dari anayetaka achukue. Ni sadaka yangu kwenu." Neno lake hilo, sadaka. Mume wangu alirudi amefurahi kama mtu aliyepewa kiwanja. Akanisimulia kuwa bwana mkubwa alisimama mbali, upepo ukimpiga mgongoni, hanchifu puani, akiwaonyesha kwa kidole tu, hii chukua, ile chukua. Tulimcheka. Mume wangu akaiga mwendo wake sebuleni, ameshika leso yangu puani, akinyooshea sufuria kidole. Sote tulidhani ni maringo.

Mbao zililetwa kwa mkokoteni. Mume wangu akazikata kwa msumeno uani, wiki nzima, na wanawake wa mtaa wakaja kuangalia. Walipoingia ndani na kuona limekamilika, jirani mmoja akainua kichwa, akashika kiuno, akasema, "Ama nyinyi! Sasa mtatutoza kiingilio?" Yeye ndiye aliyelipa jina, dari la bisi, maana vile vipele vilikuwa vimefura vyeupe kama bisi zinazouzwa kwenye karatasi nje ya shule. Nikajiona. Sikatai. Mtaa mzima wanatazama bati, mimi natazama dari la hoteli.

Baada ya miaka kadhaa mume wangu akaanza kupumzika katikati ya ngazi. Kisha akawa anapumzika katikati ya kuvaa shati, na mwisho katikati ya neno. Akaacha kazi. Hospitali wakamtoa maji kifuani, yakajaa tena. Wakampa vidonge vya kifua kikuu, makohozi yake yakapimwa, hawakuona kitu, wakasema aendelee na vidonge. Na kila daktari mpya aliuliza sigara.

"Mzee, ulivuta miaka mingapi?"

"Sikuvuta."

"Sema kweli tukusaidie."

"Wallahi sikuvuta."

Na yule daktari anatabasamu anaandika. Mume wangu hakuwahi kuvuta hata moja, na alikufa akiulizwa kama mwizi. Alikufa sebuleni, kwenye kitanda tulichokuwa tumekisogeza karibu na dirisha apate hewa, macho juu.

Nikakaa eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamume asiye maharimu hazungumzi naye ila kwa pazia. Nilifunga madirisha ya upande wa njia, nikateremsha mapazia. Binti yangu alikuwa ameacha nyumba yake akaja kulala kwangu; mchana yuko kazini, na mtoto wake wa kike, miaka mitano, anashinda na mimi. Dunia yangu ikawa sebule moja na mtoto mmoja.

Na dari. Ukilala chali miezi mitatu unalijua dari kuliko uso wako. Mvua ilikuwa imepenya kwenye bati, doa la rangi ya chai likatanda pembeni, na vipele vikaanza kuachia. Kimoja hapa kimoja pale. Naswali, naviona kwenye msala. Namimina chai, kimoja kinadondoka kikombeni, nakitoa kwa kijiko nakunywa. Nilimwambia binti yangu kuwa siku ya kutoka eda watu watakuja kusoma dua, na mimi siwezi kuwakalisha chini ya dari linalonyesha.

"Tutaita fundi, mama."

"Fundi gani? Mwanamume ashinde humu siku tatu juu ya ngazi na mimi niko eda?"

"Basi tungoje utoke."

"Nikitoka ndiyo siku yenyewe ya watu."

Akavaa viatu akaenda kazini. Nami nikatazama ngazi ya marehemu iliyosimama uani na skrepa yake ya kukwangulia rangi ikining'inia msumarini. Nikajiambia, si mke wa fundi mimi? Hakuna anayeniona, hakuna pa kwenda, na kazi ya ndani si haramu kwa mjane.

Siku ya kwanza nililowesha. Nilikuwa nimemwona marehemu akifanya hivyo hotelini kwa rangi ya zamani. Nikachovya kitambaa, nikakandika, nikangoja, na vipele vikatoka vizito vimelowana kama ugali uliolala sufuriani. Hakukuwa na vumbi hata chembe. Laiti ningeendelea vile. Lakini mabomba yalikuwa makavu wiki ya tatu, na yule wa mkokoteni wa maji alikuwa haonekani kila siku. Nilikuwa na mitungi miwili. Nikaitazama ile mitungi: udhu, chai, kuoga mtoto, kufulia. Nikasema maji ya kumwagia dari ni israfu. Mwanamke mtu mzima, niliogopa israfu.

Nikakwangua vikiwa vikavu. Viliteremka kwa urahisi, khaa, khaa, khaa, na kila mkwaruzo unateremsha wingu. Madirisha yamefungwa, mapazia yameshuka, upepo hauingii wala hautoki. Nilijifunga leso kichwani nisichafue nywele. Nywele! Pua na mdomo nimeacha wazi, nimesitiri nywele. Mwangaza ulipenya kwenye tundu la pazia ukafanya mstari, na ndani ya ule mstari niliona vinyuzi vidogo vinang'aa, vinaelea, havitui. Vumbi la kawaida hutua, hivi vilikuwa vinazunguka tu. Nikasimama na skrepa mkononi nikavitazama, wallahi nikaona vinapendeza.

Siku tatu nilifanya hivyo. Jioni koo linawasha kama nimemeza pamba, nasukutua kwa maji ya chumvi. Binti yangu anarudi nimeshafagia, vumbi nimelisukuma chumba cha nyuma kwenye magunia, naye anasema, "Mama, utajichosha," anakula, analala. Siku ya pili nikagundua ule unga unasugua masufuria vizuri kuliko jivu, sufuria inatoka kama mpya. Nikamwambia jirani kupitia dirisha la uani, yule yule wa kiingilio. Akaja na kopo. Nikamjazia. Akasema, "Hata vumbi lako la hoteli!" akaondoka anacheka. Gunia mbili za kwanza mwenye tuktuk alizipeleka jaani Mwakirunge. Kule watu hufungua magunia kwa mikono mitupu, wakitafuta cha kuuza. Nami najitaja, usidhani nitajiruka.

Mjukuu wangu wakati wote alikuwa sakafuni chini ya ngazi. Alikuwa na visahani vyake vitatu na kifuniko cha mtungi. Anakusanya vipele, anatia maji kidogo, anakanda, anabapa, anapanga. Mkate wa mofa, chapati, mahamri. Ananiita, "Bibi, vimeiva." Nami kule juu najibu, "Vipoe kwanza." Nilifurahi amepata mchezo, hanisumbui.

Na siku ya nne ndiyo akaja yule mzee.

Baada ya kuvunja kisahani hakukaa barazani tena. Alivuka mtaro akasimama ng'ambo ya njia, na kutoka huko akaanza kusema kwa sauti, mimi niko nyuma ya pazia na mtaa mzima unasikia.

"Shemeji, toka humo! Mtoe mtoto!"

"Niko eda, sitoki. Nieleze hiki ni nini."

"Ni asbesto."

"Ndiyo nini?"

Akaeleza. Baada ya mume wangu kuacha kazi, majengo yaliyobaki yalibomolewa. Safari hiyo waliletwa watu wa mbali waliovaa nguo nyeupe za kuwafunika mwili mzima mpaka viatu, na vifaa vya kupumulia usoni. Walizungusha utepe. Walimwagia kila kitu maji kwa mpira ndipo wakagusa, wakafunga mbao kwa nailoni nzito. Palisimikwa bango lenye fuvu la kichwa. Wafanyakazi wakahamishiwa upande wa pili wa hoteli. Yeye alimdadisi mmoja wa wale watu wakati wa chai, akaambiwa lile vumbi likiingia kifuani halitoki. Linakaa. Miaka ishirini, thelathini, limelala tu, halafu linaamka.

"Siku hizo mume wangu alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Na ulijua mbao za jengo la kwanza ziko kwangu."

Akageuka kutazama njiani. Wapita njia walikuwa wamesimama.

"Nakuuliza wewe. Si ulimsaidia kusukuma mkokoteni?"

"Tuliambiwa atakayefungua mdomo hana kazi, shemeji. Nina watoto."

Ndipo nikakumbuka. Mume wangu alipougua, mzee huyu alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala. Kila Ijumaa namwambia karibu ndani, mgonjwa hawezi kukaa nje. Na kila Ijumaa anasema, "Hapahapa barazani, ndani kuna joto." Mume wangu anajikokota mpaka mlangoni kumfuata, anahema. Nilikuwa nikimsifu kwa adabu yake. Kumbe alikuwa analikwepa dari langu, na rafiki yake anamwacha alale chini yake.

Akaondoka. Sanduku la vyombo aliliacha barazani.

Mitungi yote miwili niliimimina juu ya mjukuu wangu. Nilimsugua ulimi kwa kitambaa mpaka akalia. Nilimtia kidole atapike, akatoa chai na mkate, na ndani yake nikaona weupe, au nilidhani nimeuona. Nikampitishia jirani mtoto dirishani, nikamwambia zitupe nguo zake, na lile kopo nililokupa lifukie. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nenda naye haraka. Mimi mwenyewe nikabaki ndani, mlango wazi mbele yangu, hatua tatu tu, na siwezi kutoka. Nyuma yangu vumbi, mbele yangu dhambi. Nilikaa hivyo nimeziba pua kwa leso iliyojaa lile lile vumbi, mpaka alasiri, binti yangu aliporudi mbio na kumpigia simu maalim wa msikitini kwetu. Alinipa simu mkononi.

"Mama," maalim akasema, "Mwenyezi Mungu hakukuweka ndani ufe. Hama leo, eda yako ikamalizie kwa binti yako."

Nikatoka nyumbani kwangu mchana kweupe, mjane wa miezi mitatu, mweupe kichwa mpaka vidole, na watu wakanipisha njia.

Binti yangu hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Ulimwona anakula, mama?" Nikasema sikumwona. Ni kweli sikumwona. Nilikuwa natazama juu.

Hospitali daktari kijana alimweka mtoto kifaa kifuani, akamwambia avute pumzi, akamtekenya, mtoto akacheka. Akasema yuko sawa. Nikamwuliza mpaka lini. Akavua miwani. Akasema kilichomezwa huenda kikapita, kinachotisha ni kilichovutwa, na hakuna dawa ya kukitoa, na hakuna kipimo cha leo kitakachoonyesha kitu. Labda asiugue kamwe. Labda akifika miaka arobaini. Nikapiga hesabu pale kwenye kiti. Nitakuwa nimekufa. Mzee wa barazani atakuwa amekufa. Msimamizi na hanchifu yake atakuwa amekufa. Atabaki yeye peke yake, mwanamke mtu mzima, anapumzika katikati ya kuvaa nguo, mbele ya daktari anayetabasamu na kumwuliza alivuta sigara miaka mingapi.

Hofu yangu ni hiyo, sina nyingine. Kwangu mimi yaliyoingia yameingia. Nikikohoa sijisikilizi. Lakini yeye akilala mchana naweka sikio mgongoni kwake. Akicheza kamba nje nahesabu ameruka mara ngapi kabla ya kusimama. Akinywa maji yakampalia, naacha nilichoshika namkimbilia. Ameshajua. Siku hizi akikohoa ananitazama kwanza mimi.

Eda ilipokwisha nilikwenda kwenye ofisi za serikali. Nilibeba kipande kimoja cha dari ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, nimeufunga kwa utepe wa gundi tabaka juu ya tabaka. Ya kwanza wakaniambia si kazi yao, niende ya pili. Ya pili wakaniambia niandike barua. Binti yangu akaandika. Akaja mkaguzi, akasimama mlangoni mwa nyumba yangu iliyofungwa, hakuingia, akasema hii ni nyumba ya mtu binafsi na dari limekwanguliwa na mwenyewe, na hoteli nayo imebadilisha wenyewe. Akaandika kitu. Nikaomba nakala. Akasema ni ya ofisi.

Yule msimamizi nilimpata kwa simu. Alinikumbuka haraka sana, kama mtu aliyekuwa anaingoja.

"Mama, mimi niliwapa mbao," akasema. "Sikuwapa vumbi. Vumbi mmelitoa wenyewe."

"Na hanchifu puani ilikuwa ya nini?"

Akakata.

Basi nisikilizeni. Fidia siwaombi, na pole zenu nimeshapewa. Wewe msimamizi uliyesimama mbali, upepo mgongoni, ulijua nini siku ile? Wewe mkaguzi, kwenye karatasi yako umeandika nini? Na wewe mzee wa Ijumaa, unayenipitia sasa njiani ukainamisha kichwa: ulisoma nini kwenye lile bango?

Nataka karatasi. Kila mmoja wenu aandike alichokijua na siku aliyokijua, aseme kwamba mtoto huyu alishinda siku nne chini ya vumbi lenu akalipika akaliweka mdomoni, na atie sahihi yake, na asiyejua kuandika atie dole gumba. Niitie ndani ya mkebe na kile kipande, nimkabidhi binti yangu, naye amkabidhi mwanawe, ili siku akiulizwa sigara awe na cha kuweka mezani. Nyumba ya binti yangu mnaijua. Haina dari, ni bati tupu. Hamna sababu ya kusimama nje.